Picha 122 Zapotea Studio, Binti Aitwa Mwizi, Kumbe Zilikuwa Kwenye Kompyuta Ileile

Mjini hapa ukifungua studio ya picha unakuwa mtunza amana bila mwenyewe kujua. Mtu anakuletea sendofu ya bintiye, kipaimara cha mwanawe, mahafali ya mdogo wake, halafu anaondoka mikono mitupu akiamini siku akirudi atavikuta vitu vyake. Hakuna mteja anayeuliza vinakaa wapi. Ukweli mchungu ni kwamba wenye studio wengi nao hawajui. Wanajua viko "kwenye mashine". Mashine ni kubwa jamani, ina vyumba vingi, na vingine havina hata taa.

Haya ndiyo yaliyoikuta studio moja ya uswahilini, Dar es Salaam, yenye kompyuta moja, printa moja, na kitambaa cha bluu ukutani kwa ajili ya pasipoti saizi. Mwenye studio ni kaka wa miaka thelathini na kitu, mpiga picha mzuri tu, anayejulikana mtaa mzima kwa harusi. Kuedit hapendi. Kazi hiyo alimpa binti mmoja wa miaka 23 aliyejifunza Photoshop kwa kuangalia video za YouTube kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Makubaliano yao yalikuwa ya mdomo: kila picha anayoisafisha, shilingi 500. Hakuna mkataba wala daftari. Binti anamaliza, anasema idadi, kaka anatoa hela. Miezi minne ikaenda hivyo bila neno.

Ikaja sendofu ya familia moja ya Kichaga. Ukumbi umejaa, ndafu imepambwa, MC hanyamazi. Kaka akaona peke yake hataweza, akamchukua deiwaka, kijana mwenye kamera ya Nikon, amsaidie upande wa meza kuu. Yeye mwenyewe anatumia Canon. Hili la kamera mbili lishikeni, litakuja kuwa na kazi yake.

Baada ya sherehe kaka alimwaga picha zake kwenye folda ndani ya diski D. Deiwaka alikuja kesho yake na flashi, picha zake amezifunga kwenye faili moja la zipu ili zisitawanyike. Likawekwa kwenye Desktop. Binti akaingia kazini siku nne: kupunguza ung'aavu wa taa za ukumbi, kufuta jasho usoni, kunyoosha picha zilizoenda upande. Alikuwa na utaratibu wake. Kila picha aliyoimaliza aliiongezea neno "safi" mwisho wa jina, ili asiichanganye na mbichi. Alipomaliza akasema, "Kaka, zimetimia 312." Kaka akatoa 156,000, wakagawana na soda.

Sasa ile kompyuta ilikuwa na ugonjwa wa studio nyingi: diski imejaa, ule mstari unaoonyesha nafasi umekuwa mwekundu muda wote. Kazi ikishaeditiwa, kaka huzifuta zile mbichi ili kupata pa kuweka harusi ya wiki inayofuata. Safari hii alifanya vilevile. Akafuta mbichi za D, akafuta na lile zipu la Desktop, tena kwa Shift na Delete, ile isiyopitia kwenye pipa la taka. Hakufungua folda kuhesabu. Angehesabu za nini? Binti ameshasema 312.

Wiki tatu baadaye, Jumapili usiku, baba mzazi wa yule bibi harusi akafariki. Presha.

Jumanne asubuhi bibi harusi akatokea studio na mumewe, macho yamevimba. Shida yake ilikuwa moja. Mzee wake alikuwa mtu wa kununa mbele ya kamera, picha zake zote za maisha ni za kitambulisho. Lakini siku ya sendofu, pale binti alipomlisha keki, mzee alicheka mpaka kofia ya pama ikarudi nyuma. Kila mtu ukumbini aliona, na mpiga picha alikuwepo mbele yao. Ndiyo picha waliyotaka iwekwe kwenye fremu, itangulie mbele ya jeneza. Msafara wa kwenda Rombo ulikuwa unaondoka Alhamisi alfajiri.

"Dada yangu, hiyo ipo," kaka akamwambia. "Kesho jioni njoo uichukue, na fremu juu yangu."

Alipofungua folda akakuta picha 190.

Akahesabu tena, 190. Picha za mlangoni zipo, za mashangazi wanaocheza zipo, za ndafu zipo. Za meza kuu hakuna. Keki hakuna. Mzee anaonekana mara moja tu, mgongo, akielekea chooni.

Kaka akaanza kutafuta kama watu wote wanavyotafuta. Akaandika "sendofu" kwenye kisanduku cha kutafutia, ikatokea folda ileile. Akapekua Documents, akapekua Pictures, Desktop, Downloads. Akafungua pipa la taka, tupu. Akampigia deiwaka, ambaye wakati huo alikuwa Morogoro kwenye kazi nyingine. Kadi ameshaformati mara tatu, na flashi ameshaijaza singeli.

Hapo ndipo hesabu ya pili ikaanza kupigwa kichwani mwa kaka, na hiyo haikuwa ya picha. 312 ukitoa 190 zinabaki 122. Mara 500 ni shilingi 61,000. Picha ambazo hazipo, hela imelipwa. Akajiambia: huyu binti hakuzifanya. Alitaja namba, nikatoa hela kama mjinga.

Akampigia. Binti akaapa kwamba alizifanya zote. "Umezisevu wapi?" "Nimesevu, kaka." "Wapi?" "Kwenye folda." "Folda gani?" "Si ileile!" Wakazunguka hapohapo mpaka sauti zikapanda. Kaka akakata simu. Usiku ule, kabla hajalala, akaandika kwenye grupu la WhatsApp la wapiga picha, lenye watu 140 na ushee. Akaweka picha ya binti na maneno machache: wawe naye makini, anadai hela za kazi ambayo hajafanya.

Tuseme ukweli, kaka hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mteja mwenye msiba, alikuwa na aibu, na alikuwa na swali asilokuwa na jibu lake. Binadamu akikosa jibu kwenye mashine anamgeukia binadamu mwenzake, kwa sababu mashine haina mdomo wa kujitetea. Lakini neno likishaingia kwenye grupu la watu 140 halina Shift na Delete. Jumatano asubuhi binti alikuwa ameshapokea meseji za watu asiowajua. Studio moja ya Mbezi iliyokuwa imemwahidi kazi za Desemba ikamwandikia kwamba wamepata mtu mwingine.

Siku hiyohiyo ushauri ukawa unamiminika studio, maana kwenye jambo la kompyuta kila mtu ni daktari. Mpwa wake kaka, anayesoma chuo, akasema zimepanda kwenye wingu. Si wazo la kijinga. Kompyuta nyingi za Windows siku hizi, ukikubali tu yale maswali ya mwanzo, zinazihamisha Desktop, Documents na Pictures kwenda ndani ya folda ya OneDrive, ambayo bure inatoa gigabaiti 5 tu. Kuna watu wanazima kile kitu siku moja, wanakuta Desktop nyeupe, wanalia, kumbe vitu viko kwenye folda ya OneDrive vinawasubiri. Photoshop nayo ina wingu lake. Ukitaka kusevu kwa mara ya kwanza inakuuliza: kwenye kompyuta yako au kwenye wingu? Ukijibu bila kusoma, kazi inakwenda kuhifadhiwa kwa mtindo wa PSDC, na kwenye folda zako hutaiona. Mpwa akaangalia kote kuwili. Hakuna.

Jirani akasema ni virusi. Kaka akaona bora amwite fundi aje saa kumi jioni aisafishe mashine yote, labda ikipumua zitaonekana. Kila anayewajua mafundi wa mtaani anajua wanaanzia wapi. Wanabonyeza kitufe cha Windows na R, wanaandika %temp%, wanachagua vyote, wanafuta. Ni dakika moja, na mteja anaona nafasi imeongezeka anafurahi.

Saa saba mchana binti alikuwa kwenye steshenari ya mtaa wa pili. Alikwenda kuchapisha CV. Mwenye steshenari ni mama mtu mzima, karani mstaafu, aliyeanza na taipureta enzi hizo na sasa anapiga chapa barua, anatoa fotokopi, anawajazia watu fomu za mikopo ya chuo. Akaona binti anafuta machozi kwa mtandio.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. CV ndiyo unaililia hivyo?"

Binti akamweleza. Mama akasikiliza huku akipanga karatasi, kisha akauliza swali ambalo tangu jana hakuna mtu aliyeliuliza.

"Wote wanakuuliza umesevu wapi. Mimi nakuuliza, ulizifungulia wapi?"

Binti akabaki anamtazama.

"Hapa kwangu," mama akaendelea, "kila wiki kuna mtu analia. Anafungua barua ndani ya imeili, anairekebisha saa nzima, anasevu, anafunga. Akirudi kuifungua anakuta ileile ya zamani. Ananiambia mama mashine yako imekula kazi yangu. Haijala. Faili linarudi lilikotoka. Ukilitoa sebuleni linarudi sebuleni, ukilitoa kwenye mfuko wa rambo linarudi kwenye mfuko wa rambo. Sasa zilizopotea ni zipi, na zilizobaki ni zipi? Zina tofauti gani?"

Binti akafikiri. Zilizopotea ni za meza kuu. Za meza kuu alipiga deiwaka. Akakumbuka na majina: Canon ya kaka inaanza kuandika IMG, Nikon ya deiwaka inaanza na DSC. Akampigia mpwa wa kaka, ambaye angalau alikuwa bado anapokea simu yake, akamwomba atazame folda. Zote 190, kila moja, zilianza na IMG. DSC hata moja hamna.

Basi haikuwa bahati mbaya iliyochukua picha hii na kuacha ile. Kilichopotea ni mzigo mmoja, ulioingia kwa mlango mmoja.

"Na za huyo kijana zilikujaje?" mama akauliza.

"Kwenye zipu."

"Ulilifungua kwanza ukazitoa nje, ukaziweka kwenye folda?"

Kimya. Kisha binti, taratibu: "Nilibonyeza zipu mara mbili, nikaona picha zimejipanga. Nikawa naibonyeza moja moja, inafunguka Photoshop."

Mama akavua miwani, akageuza kibao cha mlangoni kikawa NARUDI, akachukua pochi.

Hapa inabidi kueleza kidogo kilichotokea, kwa sababu kinawatokea wengi na wanaishia kulaumu wachawi.

Zipu ni kama kifurushi kilichofungwa kamba. Windows inakuruhusu kuchungulia ndani yake kana kwamba ni folda ya kawaida, na hapo ndipo inapowapoteza watu. Ukibonyeza picha iliyomo ndani, kompyuta haiwezi kuieditia humohumo. Inachofanya ni kutoa nakala ya ile picha moja, inaiweka kwenye folda ya muda iitwayo Temp, halafu hiyo nakala ndiyo inayofunguliwa. Folda ya Temp iko ndani ya folda nyingine iitwayo AppData, ambayo imefichwa. Mtu wa kawaida akipita na kipanya chake haioni.

Sasa Photoshop. Ndani ya mipangilio yake, ukienda "Edit", kisha "Preferences", kisha "File Handling", kuna kiboksi kimeandikwa "Save As to Original Folder". Kikiwa na tiki, kila unapotaka kusevu kwa jina jipya, dirisha linafunguka kwenye folda ambayo picha ilitokea. Kikiwa hakina tiki, dirisha linafunguka kwenye folda uliyosevia mara ya mwisho. Yote mawili yana faida zake na yote yanaweza kukuchoma. Ya pili inakuchanganyia kazi ya mteja huyu na ya yule. Ya kwanza inakurudisha ulikotoka, hata kama ulikotoka ni jalalani.

Kwenye ile kompyuta tiki ilikuwepo. Kwa hiyo picha za Canon, zilizofunguliwa kutoka D, zilirudi D zikiwa na neno "safi" mwishoni. Picha za Nikon, zilizofunguliwa kutoka ndani ya zipu, zilirudi Temp. Dirisha la kusevu lilimwambia binti mara 122 kwamba anaweka kitu kwenye folda ya ajabu, maana njia imeandikwa pale juu. Lakini nani anasoma pale juu? Mkono unaandika "safi", kidole kinapiga Enter, picha inayofuata. Ukishaedit picha 190 mfululizo, macho yanaangalia uso wa bibi harusi tu.

Walifika studio saa tisa kasoro. Kaka alipomwona binti uso ukakunjamana, lakini binti alikuwa na mtu mzima.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Hatujaja kugombana. Kompyuta yako imeshaguswa na fundi?"

"Bado. Anakuja saa kumi."

"Mungu mkubwa. Mpigie mwambie asije."

Mama hakukaa kwenye kiti. Alimwachia binti. Mpwa alitaka kwenda kwenye Photoshop kwenye orodha ya mafaili yaliyofunguliwa karibuni, ambayo ni njia nzuri, kwa kuwa ukilifungua faili hapo na kubonyeza "Save As" utaonyeshwa lilipo. Lakini orodha ile hushika mafaili machache, na wiki tatu za pasipoti saizi zilikuwa zimeshazisukuma zile za sendofu nje. Binti akabonyeza Windows na R. Akaandika %temp%. Dirisha likafunguka, takataka tupu, majina ya namba na herufi yasiyosomeka. Kwenye kisanduku cha kutafutia akaandika neno moja: safi.

Zikaanza kushuka. Moja, tatu, kumi, skrini ikajaa. Hakuna aliyesema kitu. Chini kabisa ya dirisha, pale kompyuta inapoandika idadi, ikasimama.

122.

Si 121 wala 120. Zote, zimesafishwa, taa zimepunguzwa, jasho limefutwa. Tarehe za kila picha ni za ile wiki ya sendofu. Ya hamsini na kitu ilikuwa mzee na kofia yake ya pama, mdomo wazi, pengo la mbele linaonekana, keki imegusa sharubu, na bintiye amejishika tumbo kwa kucheka.

Kaka alikaa chini kwenye ndoo ya rangi.

Hakukuwa na muda wa maneno. Binti akazikopi zote kwenye folda ndani ya D, akakopi tena kwenye flashi ya mama, ndipo wakachapa. Saa kumi na mbili jioni fremu ilikuwa mezani imefungwa kwa karatasi. Bibi harusi alipoifungua pembeni, hakulia kama walivyotegemea. Alicheka. Akasema, "Huyu ndiye baba yangu," akafunga karatasi yake, akaondoka. Alhamisi alfajiri basi likaondoka na mzee akicheka mbele.

Kwa wenzetu mnaoishi kwa kuedit, kuna ya kuondoka nayo. La kwanza, zipu likiingia, litoe vitu vyake kwanza. Bonyeza kitufe cha kulia, chagua "Extract All", elekeza kwenye folda ya kazi, ndipo uanze. Vilevile kwa picha zilizokuja kwa imeili, na hata zilizo kwenye flashi ya mtu. Ukifungulia kwenye flashi yake na ile tiki ikiwepo, kazi yako itaondoka mfukoni mwake. Kopi kwanza, fungua baadaye.

La pili, usisubiri kazi ipotee ndipo ujue programu yako inasevia wapi. Fungua picha moja ya majaribio, bonyeza "Save As", usisevu, soma njia iliyoandikwa juu. Sekunde kumi tu. Na kila programu ina tabia zake. Photoshop tangu mwaka 2021 ina "Save a Copy", na wengi wanaolalamika hawaioni JPEG kwenye "Save As" wanaitafuta pasipo. Lightroom Classic haigusi picha yako kabisa: mabadiliko yanakaa kwenye katalogi, na picha iliyokamilika inatoka pale tu unapoiexpoti, na ni wewe unayechagua iende folda ya asili au folda maalumu. GIMP ukisevu inakupa XCF, JPEG inapatikana kwa kuexpoti. Ukijua hilo hutapigana na mtu.

La tatu, hesabu kabla ya kufuta. Mbichi ziko 312, safi ziwe 312. Zikipishana hata moja, usiguse Delete. Folda ya muda si ghala. Windows yenyewe ina utaratibu wa kuisafisha ukiwashwa, na mafundi nao ndio wanakoanzia. Zile picha ziliishi wiki tatu kwa rehema tu.

Na la nne halihusu kompyuta. Kitu kikipotea, tazama kwanza vilivyopotea vinafanana nini, kabla ya kutazama nani alikuwepo. Kaka alikuwa na ushahidi mbele yake tangu Jumanne, IMG zote zipo na DSC hakuna. Mtu mvivu asiyefanya kazi angeacha huku na huku. Lakini hasira haisomi majina ya mafaili.

Kuhusu wao wawili, Jumatano ileile, mama alipokwisha kuondoka, kaka alimsindikiza binti mpaka mlangoni. Akamwambia, "Dada yangu, nisamehe. Shetani tu alinipitia." Akatoa na elfu ishirini ya nauli.

Binti hakuipokea ile hela. Alimjibu kwa heshima kabisa: "Nimekusamehe kaka. Ila kule ulikoniandika, bado nimeandikwa."

Hilo ndilo lililomkosesha kaka usingizi. Kuomba radhi mlangoni ni rahisi, mnakuwa wawili na giza. Kuandika mbele ya wapiga picha 140, wengine wapinzani wako wa tenda, kwamba hukujua kompyuta yako inaweka wapi vitu ukamwita mtoto wa watu mwizi, hiyo ni habari nyingine. Alhamisi hakuandika. Ijumaa akaandika akafuta. Mkewe, aliyekuwa anamtazama tu, akamuuliza kama kumchafua binti wa watu kulichukua siku ngapi.

Jumamosi mchana, saa ambayo Rombo walikuwa makaburini, aliandika. Maneno yalikuwa marefu kuliko yale ya Jumanne. Akaeleza habari ya zipu, ya Temp, ya ile tiki. Akasema kazi ilifanyika yote, 122 kwa 122, na kosa lilikuwa la kwake kwa kufuta bila kuhesabu na kusema bila kuuliza. Watu wakacheka, wengine wakamtania wiki nzima. Lakini watatu walimwandikia pembeni, kimyakimya, kuuliza ile %temp% inaandikwa vipi. Kumbe na wao walikuwa na picha za watu wasizoziona, na walikuwa na vijana waliowafukuza.

Studio ya Mbezi haikurudi. Hiyo ilishakwenda. Binti amerudi kwa kaka Jumatatu iliyofuata, kwa sharti moja: daftari. Kila kazi inapoisha wanahesabu wote wawili mbele ya skrini, wanaandika idadi na folda zilipo, kila mmoja anasaini. CV yake iko bado steshenari kwa mama, kopi tatu, ndani ya bahasha. Hajaenda kuzichukua, na wala hajasema azitupe.